Baharia Aliyerudi Kijijini: Maisha ya Jimmy Carter



Kurasa zilizotangulia zimebeba salamu za viongozi wetu, na zinazofuata zina orodha ya nyimbo za leo. Ukurasa huu wa historia tumeutenga kwa maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kuimba nasi wala kufika kwetu, lakini ambaye habari zake zinatufaa sisi kuliko za wengi. Ni James Earl Carter, ambaye ulimwengu ulimwita Jimmy tu. Alikuwa baharia, kisha mhandisi, kisha mkulima wa njugu, kisha rais wa 39 wa Marekani. Tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa mume, baba na mwalimu wa shule ya Jumapili. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

Kwa nini yeye? Sote tunajua jinsi kwaya hii inavyojazwa. Wengi wetu tuliletwa Garissa na barua ya uhamisho. Sisi ni walimu, wauguzi, askari, mafundi wa maji na wa umeme, na wafanyabiashara. Besi akishajua sehemu yake vizuri, mara anahamishiwa Wajir au Nakuru, nasi tunaanza tena. Kwa hiyo kuna swali ambalo limeulizwa katika mikutano yetu kwa maneno mengi tofauti: kazi inayofanywa na watu wachache, mahali padogo, mbali na macho ya wakubwa, ina uzito gani? Maisha ya Carter yanalijibu swali hilo vizuri.

MTOTO WA SHAMBA

Carter alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924 katika mji mdogo wa Plains, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Ni nchi ya joto na udongo mwekundu, na wakati huo ilikuwa nchi ya ubaguzi mkali wa rangi. Nyumba aliyokulia haikuwa na umeme, na kwa miaka mingi haikuwa na maji ya bomba. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye duka. Mama yake, Lillian, alikuwa muuguzi aliyewahudumia weusi na weupe bila kuchagua. Mama huyo alipofikisha umri wa miaka 68 alikwenda India kujitolea katika huduma ya afya. Mtoto Jimmy alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alikuwa akichemsha njugu na kuziuza mjini.

Ndoto yake ilikuwa bahari, ingawa kwao hakukuwa na bahari karibu. Mjomba wake mmoja alikuwa katika jeshi la wanamaji, na barua zake kutoka bandari za mbali zilimtia kijana hamu. Mwaka 1943 aliingia chuo cha wanamaji cha Annapolis, akahitimu Juni 1946. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo alimwoa Rosalynn Smith, msichana wa kwao Plains, katika kanisa la Methodisti la pale mjini. Ndoa hiyo tutairudia.

CHINI YA BAHARI

Carter alichagua nyambizi, yaani meli inayokwenda chini ya maji, ambako watu hubanana kwa majuma mengi bila kuona jua. Siku moja katika Bahari ya Pasifiki, nyambizi yake ikiwa juu ya maji wakati wa dhoruba, wimbi lilimbeba kutoka mahali pake pa ulinzi na kumtupa juu ya mzinga ulio nyuma yake. Alishikilia chuma hicho mpaka wimbi likapita. Baadaye alisema kwamba kama mkondo ungekuwa na mwelekeo tofauti kidogo, angepotelea baharini.

Hapa tuwakumbushe waimbaji jambo moja. Mabaharia wa Kiingereza na wa Kimarekani wana wimbo wao wa kuwaombea walio hatarini baharini. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1860 na William Whiting, ambaye kazi yake ilikuwa mwalimu wa watoto wa kwaya huko Winchester, Uingereza. Mwaka uliofuata John Bacchus Dykes akautungia sauti, akaiita Melita. Melita ni jina la kale la kisiwa cha Malta, ambako jahazi la mtume Paulo lilivunjika, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume. Mwalimu wa kwaya ya watoto, ambaye kazi yake ilikuwa nchi kavu, ndiye aliyewapa wanamaji wa dunia sala yao.

Tukio lingine lilitokea Carter alipokuwa katika nyambizi iitwayo K-1. Walipotia nanga Bahamas, mabaharia weupe walialikwa karamuni lakini mwenzao mweusi hakualikwa. Wafanyakazi wa nyambizi walikubaliana kwamba kama mmoja wao hatakiwi, basi hakuna atakayekwenda. Carter alilisimulia jambo hilo kwa fahari maisha yake yote, hasa kwa kuwa watu wa kwao Georgia walishangaa walipolisikia.

SEKUNDE TISINI

Mwaka 1952 Carter aliomba kujiunga na mradi mpya wa Kapteni Hyman Rickover, aliyekuwa akiunda nyambizi za kwanza zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Rickover alimhoji kwa zaidi ya saa mbili. Mwishoni akamwuliza alishika nafasi ya ngapi chuoni. Carter alijibu kwa majivuno kidogo, maana alikuwa karibu nafasi ya 60 kati ya wanafunzi zaidi ya 800. Rickover hakumpongeza. Alimwuliza kama alikuwa amefanya kadiri ya uwezo wake wote. Carter alitaka kusema ndiyo, akakumbuka, akakiri kwamba si kila wakati. Rickover akamwuliza swali la mwisho: kwa nini? Kisha akageuza kiti chake, na mahojiano yakaisha. Kazi alipewa, lakini swali hilo hakulisahau, na baadaye lilimpa jina la kitabu chake cha kwanza.

Mwezi Desemba 1952 kinu cha nyuklia cha Chalk River, nchini Kanada, kiliharibika vibaya. Carter, akiwa luteni wa miaka 28, alipelekwa na kikosi chake kusaidia kukifungua. Mionzi ilikuwa mikali kiasi kwamba mtu hangeweza kukaa ndani zaidi ya sekunde 90 hivi. Sasa sikilizeni walivyofanya. Mfano kamili wa kinu kile ulijengwa juu ya uwanja wa tenisi uliokuwa karibu. Watu watatu watatu walivaa mavazi ya kinga, wakafanya mazoezi pale uwanjani mara nyingi, kila mmoja akijua ni bolti ipi ya kwake na ni spana ipi ataishika. Kisha wakashuka ndani ya kinu, wakafanya kazi kwa dakika moja na nusu, wakatoka mbio. Kila bolti iliyofunguliwa kule chini ilifunguliwa pia kwenye mfano wa uwanjani, ili watakaofuata wakute mambo yalivyo.

Tunaliandika hili mahususi kwa wale wanaouliza kwa nini tunarudia beti moja jioni nzima kwa ajili ya wimbo wa dakika nne. Wale wanaume walifanya mazoezi ya siku nyingi kwa ajili ya sekunde 90, na hakuna aliyeona kwamba muda wake umepotea.

KURUDI NYUMBANI

Julai 1953 baba yake Carter alifariki kwa saratani. Kijana alirudi Plains kumwuguza, akaona foleni ya watu waliokuja kuaga: weusi na weupe, mmoja aliyekopeshwa mbegu, mwingine aliyelipiwa karo kimyakimya. Akajiuliza kama vyeo vya baharini vingempa maisha yenye maana kama hayo. Aliacha utumishi wa jeshi mwaka huo huo. Wakati huo alikuwa akisomea ufundi wa vinu vya nyuklia katika jimbo la New York, na alitarajiwa kuwa mhandisi wa mojawapo ya nyambizi mbili za kwanza za nyuklia.

Rosalynn hakukubali. Alikuwa ameonja dunia pana, naye hakutaka kurudi kuishi chini ya macho ya mama mkwe. Inasimuliwa kwamba safari ya kurudi ilikuwa ya kimya: mama alipotaka gari lisimame, alimtuma mtoto wao Jack amwambie baba. Walipofika walipanga nyumba ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Mwaka uliofuata ukame uliunguza njugu, na faida ya mwaka mzima haikufika dola 200. Sisi tunaoishi kando ya Tana tunajua mvua ikikosa hukosa kweli.

Kilichookoa biashara ile, na ndoa pia, ni kwamba walifanya kazi pamoja. Rosalynn alishika vitabu vya hesabu, na baada ya muda alizijua fedha za ghala kuliko mumewe. Carter aliutumia uhandisi wake kwenye mashine za kukausha na kusafisha mbegu. Mume ambaye aliacha jeshi bila kumwuliza mkewe alijifunza kumwuliza, na mwenyewe alisema hivyo mbele za watu mara nyingi.

KURA NDANI YA KANISA

Miaka hiyo wazungu wa Georgia waliunda vyama vya kupinga usawa wa watu weusi. Carter alitakiwa ajiunge, hata akaambiwa atalipiwa ada. Alikataa, na wateja wakaisusia biashara yake kwa muda. Mwaka 1965 kanisa lake la Baptisti lilipiga kura kuhusu kuwazuia watu weusi wasiabudu humo. Familia ya Carter ilikuwa miongoni mwa watu wachache sana waliopinga zuio hilo. Walishindwa vibaya, lakini Jumapili iliyofuata walirudi kuabudu na watu wale wale.

Garissa tunaisoma habari hii kwa macho yetu wenyewe. Tunakumbuka tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji huu yaliposhambuliwa siku ya ibada, na jinsi viongozi wa Kiislamu walivyojitokeza kusema vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Tunakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tunamkumbuka pia mwalimu Salah Farah, Mwislamu, ambaye Desemba mwaka huo alikuwa katika basi la kwenda Mandera. Washambuliaji walipowataka abiria wajitenge kwa dini, yeye na wenzake walikataa. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Sisi tulio walimu tunamhesabu kuwa mwenzetu. Mabaharia wa K-1 walipoteza karamu, na Carter alipoteza wateja. Salah Farah alitoa uhai wake.

IKULU NA BAADA YAKE

Carter aliingia Ikulu ya Marekani Januari 1977. Septemba 1978 aliwaita Rais Anwar Sadat wa Misri, Mwislamu, na Waziri Mkuu Menachem Begin wa Israeli, Myahudi, wakae naye Camp David. Walikaa siku 13. Mwishoni mazungumzo yalikaribia kuvunjika, na Begin akafunga mizigo. Carter akampelekea picha zilizotiwa sahihi, kila moja imeandikwa jina la mjukuu mmoja wa Begin. Mzee alisoma majina yale moja baada ya jingine, sauti ikamkatika, na mazungumzo yakaendelea. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Machi 1979, na haujavunjika hadi leo.

Si yote yaliyofanikiwa. Wamarekani walishikwa mateka Iran kwa siku 444, na hilo lilichangia kumwangusha katika uchaguzi wa 1980. Hata katika eneo letu kumbukumbu zimechanganyika. Vita vya Ogaden vya 1977 hadi 1978 vilipiganwa wakati wake, naye alikataa kuipa Somalia silaha ilipoivamia Ethiopia. Lakini mwaka 1980 serikali yake ilifanya mapatano ya kijeshi na Oman, Kenya na Somalia, ili meli zake zitumie bandari kama Mombasa na Berbera. Kwa hiyo serikali ya Siad Barre ilipata rafiki mkubwa mpya. Serikali hiyo ilipoanguka Januari 1991, wakimbizi walimiminika kwetu, na kambi za Dadaab zikafunguliwa mwaka huo. Hatusemi Carter ndiye aliyeyaleta hayo, lakini historia ya kweli haimwachi mtu na sifa tupu.

Alirudi Plains Januari 1981 akiwa ameshindwa, na biashara ya familia ikiwa na deni la dola milioni moja. Aliuza ghala, akaandika vitabu, akaanza upya akiwa na miaka 56. Mwaka 1982 yeye na Rosalynn walianzisha Kituo cha Carter, ambacho ndicho kimegusa zaidi Afrika Mashariki. Mwaka 1989 alikaa Nairobi kuwasuluhisha Waethiopia na Waeritrea, na mwaka 1999 alisimamia mapatano ya Nairobi kati ya Sudan na Uganda.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilihusu mnyoo wa Guinea. Mtu hunywa maji ya bwawa au silanga yenye wadudu wadogo waliobeba viluwiluwi vya mnyoo. Baada ya mwaka hivi mnyoo unaoweza kufikia urefu wa mita moja hutoka mwilini kupitia lengelenge, mara nyingi mguuni, kwa maumivu makali. Hakuna dawa wala chanjo. Kinga ni kuchuja maji kwa kitambaa na kumzuia mgonjwa asiingie kwenye bwawa. Mwaka 1986, Carter alipoanza vita hivyo, wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5 katika nchi 21. Mwaka 1995 aliwashawishi wapiganaji wa Sudan wasimamishe vita kwa karibu miezi sita ili wahudumu wa afya wafike vijijini. Uganda ilithibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Mwaka 2023 wagonjwa wa dunia nzima hawakufika 20. Wangetosha kukaa katika mabenchi ya kwaya yetu, na nafasi ingebaki.

Liko jambo la uhandisi pia ambalo Garissa italipenda. Juni 1979 Carter aliweka paneli 32 za jua juu ya paa la Ikulu ili kupasha maji moto. Aliyemfuata hakuzithamini, zikaondolewa mwaka 1986. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 92, alitoa ekari 10 za shamba lake ziwekwe paneli, nazo zikaweza kutoa zaidi ya nusu ya umeme wa Plains. Sisi ambao tangu Desemba 2019 tuna kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50 kwenye ardhi ya kaunti yetu tunaelewa kwamba joto hili linalotutoa jasho wakati wa ibada lina faida yake.

MUME, BABA, MWALIMU

Carter na Rosalynn walipata watoto wanne, Jack, Chip, Jeff na Amy. Waliishi katika ndoa kwa miaka 77. Walisoma Biblia pamoja kila usiku, kwa miaka mingi kwa Kihispania ili wajifunze lugha hiyo. Kila mwaka walitenga juma moja kujenga nyumba za maskini kwa mikono yao, naye alikuwa seremala hodari. Pamoja na wenzao wa kujitolea walijenga au kukarabati nyumba zaidi ya 4,000.

Katika kanisa dogo la Maranatha Baptist, Carter alifundisha shule ya Jumapili hadi alipopita umri wa miaka 90. Nyasi za kanisa alizikata mwenyewe, na Rosalynn alisaidia usafi. Watu walisafiri kutoka mbali kumsikiliza, lakini darasa liliendelea hata Jumapili ambazo wageni hawakuwapo. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel huko Oslo. Aliporudi aliendelea kufundisha.

Rosalynn alifariki tarehe 19 Novemba 2023 akiwa na miaka 96. Carter, ambaye tayari alikuwa akihudumiwa nyumbani kama mgonjwa wa siku za mwisho, alipelekwa kwenye ibada ya mazishi akiwa amelazwa kwenye kiti na kufunikwa blanketi. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye alimfuata. Wamezikwa nyumbani kwao Plains, na mji huo una watu wasiozidi elfu moja.

KWETU SISI

Turudi kwenye swali letu. Wakubwa wa jeshi waliona Carter anatupa maisha yake aliporudi Plains, na Rosalynn naye aliona hivyo. Lakini kule kijijini ndiko alikojifunza kumsikiliza mkewe, kusimama na walio wachache, na kumfundisha yeyote aliyekuja darasani, na kutoka huko ndiko alikopata nguvu za kukaa siku 13 na maadui wawili. Bahari na uhandisi vilimpa nidhamu ya kazi, na kijiji kikampa watu wa kuwafanyia kazi hiyo.

Wapendwa, baadhi ya waliotufundisha nyimbo za leo walishahamishwa. Wengine Bwana amewaita. Wapo waliokuwa na nafasi ya kuondoka katika miaka ya hofu, wakaamua kubaki, na Jumapili zilizofuata tulisikia besi japo ilikuwa ya watu wawili. Yubilei hii ni yao kwanza. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize swali la Rickover kabla kinanda hakijaanza: je, nimefanya kadiri ya uwezo wangu wote? Kama jibu ni hapana, mazoezi yanaendelea kama kawaida juma lijalo, na nafasi yako ipo.

Mungu aibariki kwaya yetu, aibariki Garissa na majirani zetu wote. Amina.